Sura ya 6: Kati ya Kusoma na Kuhifadhi

Mtu anayeshika magnetometa ya protoni kwa mara ya kwanza huuliza swali moja: kwa nini kuna kitufe cha kusoma na kingine cha kuhifadhi? Simu ikipiga picha, picha imeshaingia. Hapa unabonyeza READ, namba inatokea kwenye skrini, kisha kifaa kinakusubiri. Usipobonyeza STORE, namba ile haimo kwenye kumbukumbu. Ukibonyeza READ tena, inaondoka na nyingine inakaa mahali pake.

Sura hii inahusu sekunde chache zilizopo kati ya vitufe hivyo viwili. Mpimaji mzuri na mpimaji wa kawaida hutembea mistari ileile, hubeba nguzo ileile na kusimama kwenye vigingi vilevile. Tofauti yao iko hapo, katika kile wanachokifanya macho yakiwa kwenye namba na kidole kikiwa bado hakijashuka.

Mfano wangu utakuwa G-856 ya kampuni ya Geometrics ya San Jose, California. Ni kifaa cha kizamani ambacho kimekaa kazini kwa miongo kadhaa, na kwa maoni yangu bado ndicho kinachomfundisha mwanafunzi vizuri zaidi, kwa sababu hakimfanyii uamuzi. Sanduku lake huning'inia kifuani kwa mikanda, uso ukitazama juu ili mpimaji aone skrini na vitufe bila kuinama. Kutoka kwenye sanduku unatoka waya unaopanda hadi juu ya nguzo ya alumini, na juu ya nguzo kuna kihisi. Ndani ya kihisi hakuna sumaku. Kuna chombo kilichojaa kimiminika chenye hidrojeni nyingi, cha jamii ya mafuta ya taa, na kimezungushiwa koili ya waya.

Unapobonyeza READ, umeme wa betri unapita kwenye koili na kutengeneza uga mkali wa sumaku ndani ya kile kimiminika. Protoni za hidrojeni, au angalau sehemu ndogo yazo, zinajipanga kuufuata uga huo. Halafu umeme unakatwa ghafla. Protoni zinabaki mikononi mwa uga wa dunia peke yake, nazo zinaanza kuuzunguka kwa kuyumba kama pia inayokaribia kuanguka. Myumbo huo unazalisha volti hafifu mno kwenye koili ileile, na kifaa kinahesabu ni mizunguko mingapi kwa sekunde. Hesabu hiyo ikizidishwa kwa 23.4872 inatoa nguvu ya uga kwa nanotesla. Martin Packard na Russell Varian ndio waliotangaza jambo hili mwaka 1954, na uzuri wake ni kwamba ile 23.4872 inatokana na protoni yenyewe. Haichakai wala haibadiliki kwa joto, na protoni ya Geita haina tofauti na ya California.

Kwa kanda ya Ziwa hapa Tanzania uga wote wa dunia ni takriban nanotesla 33,000. Protoni zinayumba kama mara 1,405 kwa sekunde, na baada ya sekunde mbili tatu zimeshapoteza mpangilio na sauti yao imekufa. Kifaa kina muda huo tu wa kuhesabu. Ndiyo maana ukishabonyeza READ, nguzo inapaswa kutulia hadi namba itokee. Anayetikisa nguzo katikati ya hesabu ameiharibu mwenyewe.

Skrini ina sehemu mbili. Kubwa ina tarakimu sita, na ya mwisho ni sehemu ya kumi ya nanotesla. Kwa mfano utaona 33412.6. Sehemu ndogo ina tarakimu tatu, na hapo hupita namba ya kituo, namba ya mstari au namba ya siku ya mwaka, kulingana na ulichokiita. Siku huhesabiwa kuanzia 1 Januari, kwa hiyo tarehe 1 Februari ni siku ya 32. Sehemu kubwa ikiitwa kwa kitufe cha muda, inaonyesha saa hadi sekunde. Ni sehemu mbili tu, na vitufe vingi vinabeba kazi zaidi ya moja. Mpimaji lazima ajue wakati wote anatazama kitu gani. Wapo wanaosimama juani wakiisoma saa wakidhani wanausoma uga.

Porini hakuna anayeitamka namba yote. Ukimsikia mpimaji akimsomea kijana wa daftari, atasema: "Mia nne kumi na mbili, nukta sita." Ile thelathini na tatu elfu imeandikwa juu ya ukurasa asubuhi, na itatamkwa tena pale tu inapobadilika. Desturi hiyo inaokoa muda, lakini ina faida kubwa zaidi. Sikio likizoea mia nne kumi na mbili, mia nne kumi na tano, mia nne na tisa, linashtuka lenyewe namba inaporuka. Nimewahi kuwa kwenye mstari ambao kijana wa daftari ndiye aliyeinua kichwa kwanza: "Kaka, hiyo imeruka." Mpimaji akajibu bila kugeuka: "Usiandike kwanza, narudia." Hakuwa amehifadhi. Kitufe cha pili kilikuwa kimemwachia nafasi hiyo.

Sasa tuangalie anarudia nini.

Jambo la kwanza ni kuona kama kifaa kinausikia uga kabisa. Kabla ya kuanza siku, magnetometa ya protoni hupangiwa kiwango cha uga inachokitarajia, ili saketi yake isikilize sauti ya protoni na kuziba sikio kwa sauti nyingine. Kitufe ni TUNE, nacho huonyesha thamani iliyopangwa. Kifaa kilichokuwa kinafanya kazi Marekani au Kanada, ambako uga hufika 50,000 na kuzidi, kikifunguliwa Mwanza bila kupangwa upya kinasikiliza mahali ambapo protoni hazipo. Hata hivyo hakitakuonyesha sifuri. Kitakupa namba. Itakuwa na tarakimu sita na nukta mahali pake, na itakuwa haina maana yoyote. Hilo ndilo jambo ninalolirudia zaidi kwa wanafunzi: namba mbovu na namba nzuri zinafanana usoni. Skrini haiwezi kukutofautishia. Kinachotofautisha ni kubonyeza READ tena ukiwa umesimama palepale, na tena mara ya tatu. Kwenye ardhi tulivu utapata kitu kama 33412.6, 33412.8, 33412.5. Kifaa kisichousikia uga kitakupa 31870.2, kisha 36015.9, kisha kingine kabisa.

Jambo la pili ni mkao wa kihisi. Jira ya koili ikilala sambamba na uga wa dunia, sauti ya protoni inafifia hadi kutoweka. Sauti huwa kubwa kabisa koili inapoukata uga kwa pembe mraba. Ulaya na Kanada uga umeinama sana kuelekea ardhini, kwa hiyo mtu akizungusha nguzo yake hovyo hapati adhabu kubwa. Kwetu, karibu na ikweta, uga unalala kuelekea kaskazini ukiwa umeinuka kidogo juu, na mtu anayegeuza koili ya mlalo kaskazini anaipoteza sauti. Kihisi kielekezwe mashariki na magharibi, na kikae hivyo mstari mzima, uwe unakwenda au unarudi.

Jambo la tatu ni mpimaji mwenyewe. Simu, funguo, kisu, dira, bamba lililofichwa kwenye soli ya buti, miwani yenye fremu ya chuma: vyote hivi vina uga wao. Gari linaweza kuongeza takriban nanotesla 40 ukiwa umbali wa mita 9, na likashuka hadi kama 1 ukifika mita 30, kwa kuwa athari hupungua kwa mchemraba wa umbali. Ukiongeza umbali mara mbili, athari inabaki sehemu ya nane. Njia ya kujikagua ni rahisi. Simama kwenye kituo kimoja, soma ukitazama kaskazini, kisha mashariki, kusini na magharibi, kihisi kikibaki juu ya kigingi kilekile na koili ikiwa haijageuzwa. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya nanotesla moja au mbili, kuna chuma mwilini. Kitafute kabla ya kuianza siku.

Kuna adui mwingine ambaye kwetu anahitaji jicho maalumu. Umeme wa gridi una mzunguko wa hezi 50, na nyaya zake hutoa pia vizidishi vya hezi 50: 100, 150, 200 na kuendelea. Kizidishi cha 28 ni hezi 1,400. Protoni zetu zinayumba kwenye 1,405. Saketi iliyopangwa vizuri kusikia protoni za kanda ya Ziwa iko karibu kabisa na sauti ya nyaya za umeme. Ukipita chini ya laini kubwa, namba zinaanza kutawanyika hata kama mwamba uliopo chini hauna chuma chochote. Mpimaji aliyezoea hutambua kutawanyika huko kwa kuwa kunakua kadiri anavyoikaribia laini na kupungua anapoiacha. Kwenye daftari anaandika neno moja tu, umeme, mbele ya vituo vyote alivyovisoma karibu na nyaya, hata vile ambavyo namba zake zilionekana safi.

Baada ya yote hayo linabaki swali gumu, na hapa ndipo ninapokataa kabisa mazoea ya kurudia-rudia hadi upate namba inayopendeza. Namba zilizotawanyika zinaweza kuwa ndiyo habari yenyewe. Mkanda wa Geita una miamba ya tabaka za chuma, ambayo baadhi yake imebeba dhahabu, na ndiyo inayotafutwa kwa magnetometa. Juu ya mwamba kama huo uga unaweza kupanda au kushuka maelfu ya nanotesla katika hatua chache. Sasa fikiria kihisi kilichopo hapo: protoni za upande mmoja wa chombo zinayumba kwa kasi moja, za upande wa pili kwa kasi nyingine. Zinapishana upesi, sauti inakufa kabla hesabu haijaisha, na skrini inatoa namba isiyotulia. Mpimaji asiyejua ataona kifaa kimeharibika na kuruka kituo, akiwa amesimama juu ya kitu alichotumwa kukitafuta.

Anachofanya mjuzi ni hiki. Anasoma mara tatu bila kuhifadhi, zote zinaandikwa daftarini. Anaongeza kipande cha nguzo ili kihisi kipande juu zaidi, mbali na ardhi, ambako uga haubadiliki kwa ukali ule. Anasoma tena. Namba zikitulia juu na kutawanyika chini, chanzo kiko ardhini na kiko karibu. Anateremsha kihisi kwenye kimo cha kazi, anachukua namba iliyo katikati ya nyingine, na hapo ndipo anabonyeza STORE. Kifaa kinaandika namba, siku, saa, mstari na kituo, halafu chenyewe kinasogeza namba ya kituo mbele kwa moja. Kwenye daftari inabaki alama kwamba kituo hiki kilihifadhiwa kwa uamuzi, na sababu yake.

Tofauti na hiyo ni mawe mekundu ya juu ya ardhi, yale yanayochimbwa kwa ajili ya kumwaga barabarani. Nayo yana madini yenye sumaku, ila ni ganda tu, na hufanya namba zirukeruke kwa makumi ya nanotesla kutoka kituo hadi kituo bila mpangilio. Kihisi kikiwekwa juu yake kwa mita mbili na zaidi, kelele hiyo inapungua sana huku ishara ya mwamba wa chini kabisa ikibaki karibu ilivyo. Kwa hiyo kimo cha nguzo ni sehemu ya usomaji, nacho hakina kitufe wala hakionekani kwenye skrini. Kisipoandikwa asubuhi, hakuna atakayekijua jioni.

Nimefika kwenye saa. Uga wa dunia haukai vilevile kutwa nzima. Jua linapopanda, mikondo ya umeme kwenye tabaka za juu za anga inauongeza kwa makumi ya nanotesla hadi karibu na adhuhuri, kisha unashuka tena. Siku ya dhoruba ya sumaku kutoka kwenye jua, badiliko linaweza kuwa la mamia, na siku hiyo kazi husimamishwa. Ili kuondoa badiliko la kutwa, magnetometa ya pili huachwa mahali pamoja, mbali na barabara na mabati, ikiwa imewekwa kwenye AUTO ijisomee yenyewe kila baada ya sekunde kadhaa. Tuseme saa 10:14 kwenye skrini mpimaji amehifadhi 33412.6. Kifaa hicho cha pili wakati huohuo kimeandika 33391.0, na kiwango chake cha marejeo ni 33370.0. Anga imeongeza 21.0, kwa hiyo thamani ya kituo ni 33391.6. Hesabu ni ya kutoa tu, ila inategemea kitu kimoja: saa za vifaa viwili ziwe sawa.

Na hapa sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tuna mtego wa kipekee. Skrini inasema 10:14. Kijana wa daftari anatazama saa yake na kuandika saa 4:14. Mhandisi aliyekuja na kifaa kutoka nje amekipangia saa ya dunia, inayosoma 07:14. Wote watatu wako sahihi, na wakichanganywa kwenye jedwali moja wanatoa masahihisho ya uongo yasiyogundulika, kwa sababu tofauti za makumi ya nanotesla zinafanana kabisa na zile za miamba. Kanuni ninayoisimamia bila kulegeza ni kwamba daftari liandike kile kinachoonekana kwenye skrini, herufi kwa herufi, na asubuhi vifaa vyote viwili viwekwe kando kwa kando na sekunde zao zilinganishwe kabla mtu hajatoka kambini.

Kifaa cha protoni husoma mara moja kila sekunde chache. Vile vinavyotumia elementi ya sesi (cesium) hutoa usomaji mara kumi kwa sekunde na zaidi, na hujihifadhia kila kitu mpimaji akiwa anatembea. Kwa eneo kubwa hiyo ni baraka. Utafiti wa sumaku uliofanywa Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, usingewezekana kwa kusimama kila hatua, kwa sababu kinachotafutwa kwenye mji wa kale ni vitu vidogo: jiko, udongo ulioungua, mabaki ya kufulia chuma, kati ya kuta za mawe ya matumbawe ambayo karibu hayana sumaku kabisa. Ishara nyingi za aina hiyo ni za nanotesla chache. Kazi kama hiyo hufanywa kwa vifaa vyenye vihisi viwili, kimoja juu ya kingine, vinavyopima tofauti kati yao, na mlio hupigwa kwa vipindi sawa ili mpimaji alinganishe mwendo wake. Uamuzi unahama hapo kutoka kidoleni kwenda miguuni: anayechelewa kwa nusu mita kwenye kila mstari ataona kwenye ramani ukuta ulionyooka ukiwa na meno kama msumeno. Bado naamini mwanafunzi aanze na kifaa cha polepole. Aliyewahi kulazimika kuikubali au kuikataa kila namba kwa kidole chake ataitazama tofauti skrini inayokimbia.

Msomaji asiye na magnetometa anaweza kuanza na simu, kwa kuwa simu nyingi za kisasa zina kihisi cha uga kwa ajili ya dira, na kuna programu za bure zinazoonyesha thamani yake. Ukiwa uwanjani, mbali na mabati na gari, Tanzania utaona takriban mikrotesla 33, ambazo ni nanotesla 33,000. Igeuze simu taratibu na utaona namba ikicheza kwa mikrotesla moja, mbili, wakati mwingine zaidi. Sogeza karibu na mlango wa chuma ipande ghafla. Mikrotesla moja ni nanotesla 1,000, na kifaa cha protoni kinaonyesha sehemu ya kumi ya nanotesla moja. Fanya zoezi la pande nne nililoeleza hapo juu, andika namba zako, na utapata picha ya haraka ya kile ambacho skrini inaweza kukuahidi na kile isichoweza.

Jioni vitufe vinavyotumika ni RECALL na kile cha kutoa data. Kabla ya kuhamisha chochote, ita usomaji mmoja mmoja wa mwanzo na wa mwisho wa kila mstari na uulinganishe na daftari. Zikipishana, mara nyingi ni kwa sababu STORE ilibonyezwa mara mbili kwenye kituo kimoja, na namba zote zilizofuata zimesogea kwa moja. Kosa la aina hiyo hurekebishwa kwa dakika tano kama daftari lipo. Kumbukumbu isifutwe hadi data iwe kwenye kompyuta mbili. Kisha mstari unachorwa. Hapa kwetu mwamba wenye sumaku uliofukiwa huonyesha kilima cha namba upande wake wa kaskazini na bonde upande wa kusini, na mwamba wenyewe uko kati ya hivyo viwili. Anayechimba kwenye kilele cha kilima kwa sababu ndicho kilichong'aa kwenye ramani anachimba pembeni. Vituo vilivyowekewa alama ya umeme vinaondolewa kwanza. Vile vilivyohifadhiwa kwa uamuzi vinabaki, na ndivyo timu inavyorudi kuvipima asubuhi inayofuata, safari hii kwa vituo vya kila mita moja.